Wiki Moja na Kioo cha Kung'aa

Rehema, na nyinyi wengine mnaokaa sasa chumba cha mbele, siku ya kuniaga mliniambia nisiondoke na kila kitu kichwani. Nimetii. Huu ni mwezi wa tatu tangu nistaafu. Asubuhi namwagilia mchicha, saa nne sina la kufanya, na kalamu ninayo. Habari za vyeo vyangu mtazikuta kwenye faili, kama panya hawajazimaliza. Mimi nitaandika ya mezani.

Nilipoingia kwenye kiwanda chetu cha uchapaji, hapa hapa Morogoro, sikujua kwamba kitabu kinatengenezwa na watu. Nilidhani kinatoka Dar es Salaam kikiwa tayari, kama sabuni. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Bi Perpetua, mama mmoja wa Kiluguru kutoka milimani, mfupi, Mkristo wa rozari shingoni, ambaye alikuwa akipanga kurasa kwa mkono tangu mimi sijaanza darasa la kwanza. Nikamsalimia, "Shikamoo mama." Akajibu, "Marahaba, kaa hapa," akanipa kisu chembamba cha wembe, karatasi yenye mistari ya buluu, na kipande cha maandishi kilichopakwa nta mgongoni. Kazi yangu ilikuwa kukibandika kipande kile kiwe sawa na mstari. Basi.

Nilibandika. Bi Perpetua akaitazama karatasi. Akaitundika ukutani, akaniletea chai ya rangi na kiti, akaniambia nikae mbele yake.

"Nifanye nini, mama?"

"Kunywa chai. Itazame mpaka ikuume."

Nusu ya kwanza ya kikombe sikuona kitu. Nusu ya pili nikaona kwamba maandishi yote yanateremka kuelekea kulia, kama mtu anayeshuka mteremko wa Kigurunyembe na mzigo. Kabla sijamaliza chai jicho lilikuwa linaniuma kweli. Nikakibandua, nikaanza upya. Bi Perpetua alikuwa na njia moja tu ya kufundisha, na ilikuwa hiyo. Nilikunywa chai nyingi mwaka ule.

Wiki ile ile niliyoanza mimi ndiyo aliyoanza Salumu, upande wa mashine. Yeye alikuwa kijana wa Mji Mpya, mwembamba, mikono imejaa wino hadi kwenye viwiko, na alikuwa na tabia ambayo hakuiacha hadi leo: kila karatasi ya kwanza ikitoka mashineni, anaikimbiza nje mlangoni, anaiinua kwenye mwanga wa jua. Wengine walimcheka. Mimi nilimcheka pia. Baadaye mtaona nani alistahili kuchekwa.

Nitawasimulia kosa moja la zamani, maana mmelisikia vibaya. Ni ile kadi ya harusi. Kwenye kubandika, jina la bibi harusi na jina la mama yake mzazi yalibadilishana nafasi, na mimi ndiye niliyebandika. Kadi zikatoka nzuri, zina maua na kamba ya dhahabu, zikitangaza kwamba bwana harusi anamuoa mama mkwe wake. Waligundua asubuhi ya Jumamosi, kadi ikiwa mkononi mwa mjomba anayejua kusoma kwa sauti. Nilidhani nitafukuzwa. Bi Perpetua alinishika mkono tukaenda wote kwa miguu hadi kwao bibi harusi, Mwembesongo, kuomba radhi. Yule mama mtu mzima alipoisoma alikaa chini kwa kicheko. Akaomba abakishiwe moja. Alisema miaka mingi ilikuwa imepita tangu mtu amtolee posa.

Tulirudi tukachapa upya, na toka siku hiyo nimesoma kila jina kutoka mwisho kwenda mwanzo, herufi kwa herufi. Fanyeni hivyo. Jicho likisoma mbele linakimbilia maana, likisoma nyuma linaona herufi.

Kompyuta ya kwanza ilipofika ilikuwa na kichogo kikubwa kuliko kabati la vyombo. Vijana mnaodhani wazee huogopa vitu vipya, nawaambieni, Bi Perpetua ndiye aliyekuwa wa kwanza kukaa mbele yake. Alivuta kiti, akavaa miwani, akaweka rozari pembeni, akasogeza mausi kushoto na kulia, akaona kipande cha maandishi kinahama chenyewe bila nta. Akanigeukia.

"Hadija! Kisu hiki hakikati vidole!"

Akastaafu akiwa anaijua kuliko sisi sote. Nawaambia haya ili mjue kwamba niliyofanya baadaye sikuyafanya kwa sababu ya kuogopa vipya. Nilifanya kinyume chake.

Sasa niwape ile ya kioo cha kung'aa, ambayo mnaidai kila tukikaa.

Mnaikumbuka kompyuta yangu ya mwisho. Kioo chake kilikuwa kikavu, hakina mng'ao hata kidogo, rangi zake za unyenyekevu. Ilikuwa imechoka. Nikifungua ukurasa wenye picha kubwa, naondoka kwenda kuchota maji ya kunywa, nazungumza na mlinzi, narudi naikuta bado inafikiri. Mwaka ule ilikuwa imeanza kuzima yenyewe. Na mwaka ule ndio tulipewa kazi ya kijitabu cha magonjwa ya mboga, kwa ajili ya wakulima wa milimani, Mgeta na vijiji vya jirani. Kilikuwa kijitabu cha picha. Maneno machache, majani mengi: jani zima, jani gonjwa, ling'oe, usiling'oe. Bibi shamba aliyeileta kazi ile alituambia wazi kwamba kisipowafika wakulima kabla hawajapandikiza miche, hakina maana tena mpaka msimu mwingine.

Bwana Mkude, meneja wetu, akaona haiwezekani kazi hiyo ikafanywa na kompyuta inayolala kazini. Jumatatu moja asubuhi akaja muuzaji kutoka Dar, kijana nadhifu mwenye viatu vya kuchongoka, amebeba boksi kama amebeba mtoto mchanga. Akaliweka mezani kwangu, akalifungua.

Ilikuwa kompyuta ya mezani ambayo kila kitu kimo ndani ya kioo chenyewe. Hakuna boksi la pembeni, hakuna nyaya za kukunasa mguu. Na kioo chake, jamani. Kilikuwa kinang'aa kama maji ya kisima kabla hujatumbukiza ndoo. Muuzaji akaiwasha, akafungua picha ya nyanya. Chumba kizima kilisema "Aaah!" Mimi nilipiga kigelegele. Rehema, usikatae, na wewe uliitikia.

Bwana Mkude akasema, "Bi Hadija, hii itakaa hapa wiki nzima kwa majaribio. Ijumaa huyu ndugu anarudi. Wewe ndiye utakayeitumia, kwa hiyo wewe ndiye utakayesema tunaichukua au hatuichukui."

"Wiki ya nini?" nikasema mbele ya watu wote. "Mimi nimeshasema. Tuichukue."

Mdomo huponza kichwa. Muuzaji akatabasamu, lakini Bwana Mkude ni mtu wa taratibu. "Ijumaa," akarudia.

Nilihamishia picha zote za kijitabu kwenye mashine mpya kabla ya chai ya saa nne. Ilikuwa inafungua ukurasa kabla sijamaliza kubonyeza. Sikuwa na pa kwenda kuchota maji. Nilifanya kazi siku ile nikiimba, na mnajua sauti yangu.

Ilikuwa na kasoro moja niliyoiona mapema, nikaifanyia mzaha. Nikikaa mezani dirisha lilikuwa nyuma ya mgongo wangu, na dirisha lile, kama mjuavyo, linatazama mlima. Ikifika saa saba, mlima wote wa Uluguru ulikuwa ndani ya kioo, na mawingu yake. Juu ya mlima, ushungi wangu. Kwenye kona ya chini alionekana mama wa vitumbua wa ng'ambo ya barabara, na nilikuwa namwona anapogeuza.

"Bi mkubwa," Rehema akaniambia, "wewe umepewa kompyuta na TV humo humo."

"Nyamaza, nenda kanunue vitumbua. Vya pili hivi vimeiva."

Tulicheka sana. Ili nione picha vizuri juu ya mlima ule, niliongeza mwanga wa kioo hadi mwisho. Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na nitalieleza polepole kwa sababu ndilo sababu ya kuandika.

Kioo kinachong'aa kikiwashwa mwanga wote, kila picha inakuwa na afya. Majani ya kabichi yalikuwa yanawaka mezani kwangu, kijani kikali, manjano yake inapiga kelele. Nikajiambia, mno hii, mkulima ataona ni uongo. Nikawa nashusha. Nikapunguza kijani hapa, nikafifisha manjano pale, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka picha zikatulia na kuwa kama majani ya kweli. Ya kweli kwenye kioo, lakini. Kuna kanuni niliyowafundisha nyote kwa ukali: kabla hujagusa rangi yoyote, weka pembeni karatasi iliyochapwa na mashine yetu, linganisha. Kanuni ile niliiacha kwenye droo siku mbili nzima. Nilikuwa na mchumba mpya.

Jumatano Salumu akatengeneza bati za kuchapia, akaendesha karatasi za majaribio, akaikimbiza ya kwanza mlangoni kwenye jua kama kawaida yake. Safari hii hakurudi mbio. Alirudi akitembea.

"Hadija, njoo uone."

Nilitoka. Karatasi ilikuwa ya kusikitisha. Kabichi nzima, ile yenye afya, ilikuwa na rangi ya magunia. Nikatazama karatasi, nikatazama mikono ya Salumu yenye wino, na nikasema maneno ambayo natamani yangekuwa yamebandikwa kwa nta, niyabandue.

"Mashine yako chafu. Wino wa jana umebaki kwenye rola. Kwangu picha iko safi kabisa, nenda kaitazame."

Miaka yote ile tuliyofanya kazi pamoja hakuna siku aliyochapa na rola chafu, nami nilijua. Salumu akarudi ndani, akasimamisha mashine, akaosha rola zote, akazikausha, akaweka wino mpya, akachapa tena. Ikatoka ile ile. Akaosha mara ya pili. Ikatoka ile ile. Jioni alipita mbele ya meza yangu akiwa amebeba kikapu chake, hakuniambia "kesho". Huwa anasema "kesho" hata kama anakwenda likizo.

Alhamisi bibi shamba alileta wasomaji wa kupima kijitabu, wakulima watatu kutoka kijiji cha Nyandira, huko Mgeta. Wawili walikuwa wanaume wapole waliokubali kila kitu. Wa tatu alikuwa mama mmoja, Mama Anjela, mrefu, amejifunga kitenge kwa mkanda wa katani, Kiswahili chake kikipanda na kushuka kama njia za kwao. Alikuwa amebeba kiroba ambacho hakumruhusu mtu kukishika. Tukamkalisha karibu na mlango, tukampa zile karatasi za majaribio. Bibi shamba akamweleza, "Mama, usisome maneno kwanza. Tazama picha tu, utuambie ungefanya nini."

Mama Anjela akatazama picha ya kwanza, kabichi nzima. Akaigonga kwa kidole.

"Hii nang'oa. Nang'oa na jirani yake."

Bibi shamba akanitazama. "Na hiyo ya pili?"

Ya pili ilikuwa kabichi yenye ugonjwa wa kuoza, ule unaoanzia ukingoni mwa jani kwa manjano yenye umbo la pembe tatu, kisha mishipa inakuwa myeusi. Ile manjano niliyoififisha.

"Hii haina neno," Mama Anjela akasema. "Hii naiacha. Nikipata mbolea naiongezea."

Nilihisi masikio yanawaka chini ya ushungi. Mama huyu hakuwa amekosea chochote. Alikuwa amesoma kitabu chetu sawasawa, na kitabu chetu kilikuwa kimemwambia ang'oe nzima abakize gonjwa, na ugonjwa ule ukibaki shambani unakwenda na maji ya mvua hadi kwa jirani wa chini, na wa chini yake. Huko mashamba yamekaa ngazi kwa ngazi. Jani moja la juu linatosha.

Salumu alikuwa amesimama kwenye mlango wa mashine, anafuta mikono kwa kitambaa. Alikwenda kwenye kona tulikoisukuma kompyuta ya zamani, akachomeka waya, akaiwasha. Tukaisubiri. Mnajua tulivyoisubiri. Akachomeka flashi yenye picha zangu nilizozirekebisha, akafungua ile ya kabichi nzima. Kioo kikavu kikaonyesha rangi ya magunia. Akaishika karatasi pembeni ya kioo. Zilikuwa pacha.

"Rola zilikuwa safi, Hadija," akasema.

"Zilikuwa safi."

"Mara zote tatu."

"Mara zote tatu, Salumu. Nimekukosea, na nimekukosea mbele ya watu, kwa hiyo nakuomba radhi mbele ya watu. Nisamehe, ndugu yangu."

Alikunja kitambaa chake vizuri, mara nne, kama anakunja shuka. "Sasa mimi nilikuwa nikijiuliza," akasema, "kama nimeanza kuzeeka macho. Usiku sikula." Kisha akaangua kicheko, na mimi nikacheka na machozi juu, na Mama Anjela, ambaye hakujua tunalocheka, akacheka pia kwa ukarimu.

Kisha akafungua kiroba. Kumbe alikuwa amebeba kabichi mbili kutoka shambani kwake, moja nzima, moja gonjwa, kwa sababu, alisema, hakuwaamini watu wa mjini kwamba wanajua kabichi. "Nilifikiri nitawafundisheni kidogo," akasema.

Hakuna siku niliyoifurahia kazini kuliko alasiri ile. Tulitoa meza nje, chini ya paa la varanda, tukapanga majani ya Mama Anjela juu ya karatasi nyeupe. Nilirudi kwenye picha za mwanzo, zile ambazo sikuzigusa, nikafanya kazi kwenye kompyuta ya zamani, jani la kweli likiwa limeegeshwa kwenye kioo chake. Ilikuwa imefunguliwa ubavu, na Rehema ameielekezea pangaboi isizimike kwa joto. Kila ukurasa ukimalizika, Salumu anachapa, anakimbia nje. Mama Anjela ndiye alikuwa hakimu. "Bado." "Bado kidogo." "Mmeizidisha, hiyo imekuwa ndizi." Wale wanaume wawili wapole nao wakapata maoni, wakaanza kubishana naye kwa Kiluguru, na bibi shamba akashindwa kuandika kwa kicheko. Ukurasa wa kabichi gonjwa ulipotoka, Mama Anjela aliutazama muda mrefu, akauweka chini haraka, akajifuta vidole kwenye kitenge kama umemwambukiza. Hapo tukajua tumefika.

Ile kabichi nzima tuliila jioni na ugali. Nyingine Salumu aliifukia mbali na bustani ya mlinzi, kwa maagizo maalumu.

Ijumaa muuzaji akaja na viatu vyake. Bwana Mkude akawaita wote, kwa sababu Jumatatu nilikuwa nimesema mbele ya wote. Nilisimama. Si jambo jepesi kumeza maneno yako mwenyewe, hasa ukiwa umeyasindikiza kwa kigelegele.

"Mashine hii ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuzitumia," nikasema. "Ina mbio, haina kelele, na picha zake ni za peponi. Kwa mtu anayetazama sinema, aichukue leo hii. Lakini mimi kazi yangu inaishia kwenye karatasi, na karatasi haing'ai namna hii. Nilijisahau siku mbili tu, na karibu tuwang'oe wakulima kabichi zao. Niseme pia kwamba sehemu ya kosa ni yangu. Mwanga niliuongeza mimi, meza niliiweka vibaya mimi, kulinganisha nikaacha mimi. Bado sitaki kioo ambacho kila siku itabidi nishindane nacho."

Rehema alikuwa ameinamisha kichwa kama msibani.

Muuzaji akasema kwa upole, "Mama, hizo za vioo vikavu siku hizi hazina soko. Watu wanapenda kinachong'aa."

"Nawaelewa, baba. Na mimi nilipenda. Lakini huna yenye moyo kama huu wa hii, ila kioo kiwe cha pembeni, kikavu, cha watu wa kazi?"

Akakuna kichwa. Akapiga simu. Akaongea na mtu wa Dar kwa muda, huku akitembea kutoka mlangoni hadi dirishani. Kisha akasema zipo mbili ghalani, zimekaa kwa sababu hakuna aliyeziuliza. Moja ingefika wiki iliyofuata.

Bwana Mkude akanigeukia. "Kwa hiyo jibu ni ndiyo au hapana?"

"Mashine ndiyo. Kioo hapana."

"Basi hilo ndilo nililotaka kulisikia Ijumaa," akasema, akarudi ofisini kwake. Nadhani alifurahi. Kwa Bwana Mkude ni vigumu kujua.

Tuliifunga ile nzuri kwenye boksi lake. Rehema ndiye aliyefunika kioo kwa karatasi laini, na nilimwona akijitazama mara ya mwisho na kusawazisha nywele. Kompyuta ya zamani ikamaliza kijitabu chote ikiwa wazi ubavu, na pangaboi likiipepea kama mgonjwa wa heshima. Siku mashine mpya ya kioo kikavu ilipofika, ile ya zamani tuliizima wenyewe, kwa hiari yake. Na meza yangu tukaihamisha, ikautazama mlima badala ya kuugeuzia mgongo. Mnaijua, ndipo anapokaa Rehema sasa.

Vijitabu vilitoka kabla ya miche kupandikizwa. Bibi shamba akanialika twende naye kuvigawa, na Salumu akajialika mwenyewe. Tulipanda na gari la mboga linalorudi tupu, barabara imejikunja, ukungu unaingia mpaka ndani ya kabini. Nyandira kulikuwa na baridi ya kuvaa vitenge viwili. Wakulima walipokea vijitabu vyao, wakavifunua, wakavifunga, wakaviweka kifuani chini ya nguo visilowe. Hakuna aliyesifu rangi. Salumu alisikitika kidogo.

Wiki kadhaa baadaye tulirudi kuona. Mama Anjela alitupeleka shambani kwake, kwenye ngazi za juu, ambako ukisimama vibaya unateremkia kwa jirani. Yeye na huyo jirani, mama mmoja mfupi mwenye sauti kubwa, walikuwa wamesimama juu ya kabichi moja, kila mmoja na kijitabu chake, wanabishana.

"Ukurasa wa nane huu!"

"Wa nane wapi? Huu wa tisa. Fungua macho!"

Mama Anjela akaniona. "Afadhali amekuja mwenye kitabu. Haya, mama wa mjini, tuambie. Tung'oe au tuache?"

Nikafuta miwani, nikainama. Salumu akainama pembeni yangu. Niliona majani ya chini yana manjano, manjano kamili, ile niliyoitafuta alasiri nzima kwenye varanda. Nikanyooka kwa kujiamini kwa mtu mwenye miaka mingi kazini.

"Ng'oeni."

Wale akina mama wawili walitazamana. Hata yule aliyetetea ukurasa wa nane, ule wa kung'oa, aliona nimehukumu bila kulitazama jani sawasawa; ugomvi wao uliisha pale pale, wakawa upande mmoja.

"Manjano hiyo imeanzia wapi?" Mama Anjela akaniuliza taratibu, kama unavyomuuliza mtoto. "Ukingoni, au jani zima?"

Nikainama tena. "Jani zima."

"Mishipa myeusi?"

"Sioni."

"Basi hii ina njaa tu. Inataka samadi." Akakifunua kijitabu kwenye ukurasa wa tisa, akakiweka mikononi mwangu, akaweka kidole chake chenye udongo juu ya jani. "Soma hapa, mwanangu. Kimeelezwa vizuri sana."

Salumu alicheka mpaka akakaa kwenye matuta. Mimi nikasoma, kwa sauti, ukurasa mzima, huku yule jirani akinisahihisha matamshi.